Je, wajua nguzo iliyooza miaka 400 iliyopita bado inaonekana?

Boma la Kale lipo hadi leo jijini Dar es Salaam, pale Barabara ya Sokoine, mawe ya matumbawe na chokaa, kazi ya miaka ya 1860 enzi za Sultani Majid. Vibanda vya miti na udongo vya wakati uleule viko wapi? Mchwa na mvua vilishamaliza. Sasa mwanaakiolojia anatafuta nini mahali pasipo na hata tofali?

Anatafuta mashimo. Shimo la nguzo likishachimbwa, ardhi hairudi ilivyokuwa. Mti ukioza, nafasi yake hujaa udongo mwingine, laini na mweusi zaidi. Kwangua polepole kwa mwiko wa fundi, litatokea duara kama alama ya sufuria yenye masizi iliyotuliwa mkekani.

Madoa hayo ndiyo yaliyoifichua Jamestown, makazi ya Waingereza ya mwaka 1607 huko Virginia, Marekani. Iliaminika kwamba ngome yao ilimezwa na mto. Mwanaakiolojia William Kelso alipoanza kuchimba mwaka 1994, madoa yalijipanga mstari hadi ikaonekana ngome ya pembe tatu, sehemu kubwa ikiwa nchi kavu muda wote.

Lakini doa halitaji mwaka. Hapo huombwa msaada wa fani nyingine. Mimi hupenda zaidi habari ya viko vya udongo vya kuvutia tumbaku: kadiri miaka ilivyosonga, tundu la shina la kiko lilizidi kuwa jembamba. Basi mtafiti huchukua biti za drili, zilezile za seremala, akajaribu ipi inaenea, na hupata makadirio ya umri.

Wataalamu wa miti walisoma pete za miti mikongwe ya eneo la Jamestown wakakuta ukame mkali wa 1606 hadi 1612. Wa mifupa nao walikuta jalalani farasi na mbwa waliochinjwa, na fuvu la binti wa miaka kama 14 lenye alama za kukatwa. Maandishi yalikuwa yamesema kwamba majira ya baridi ya 1609 hadi 1610 watu walikula watu. Baadhi ya wanahistoria walisita kuamini.

Tangu nijue haya, nikipita Kariakoo nikakuta katapila limechimba msingi wa ghorofa, hutazama kwanza kingo za shimo, pale udongo ulipokatwa wima, kama kuna doa.