Pachelbel hakutunga "wimbo wa bibi harusi"

Msimu wa harusi ukifika, simu ni ileile: "Mwalimu, siku yetu utupigie ule wimbo wa harusi wa Pachelbel, ule alioutungia kinanda." Nimechoka kujibu mmoja mmoja.

Wimbo huo ni Kanoni ya D ya Johann Pachelbel, mtunzi Mjerumani wa karne ya 17, na hakuitungia kinanda. (Kanoni: sauti moja inaanza, nyingine zinaifuata kwa kuiga.) Ni ya fidla tatu na besi. Besi, kwa kawaida selo (fidla kubwa ya sauti nzito) pamoja na kinanda cha kujazia akodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja), inarudia noti nane: D, A, B, F shapu, G, D, G, A. Basi! Mara 28, haibadiliki hata kidogo. Ikishazunguka mara moja, fidla ya kwanza inaingia; ikizunguka tena inaingia ya pili na kufuata nyayo za ya kwanza noti kwa noti, kisha ya tatu. Zote tatu zinacheza kwenye kimo kimoja cha sauti, zinapishana juu kwa juu. Zibane zote kwenye safu moja ya kinanda uone: noti zinamezana, kule kufukuzana kunapotea, unabaki na akodi tupu. Hapo ndipo watu hutokwa na machozi. Mimi hutokwa na jasho.

Na harusi? Wapo wanaodai aliitunga kwa ajili ya ndoa ya mwanafunzi wake, Johann Christoph Bach, kule Ohrdruf, Ujerumani, Oktoba 1694. Ni kweli Pachelbel alishiriki muziki wa siku ile, ila hakuna hati inayosema kanoni ilipigwa. Nakala ya zamani zaidi iliyobaki ni ya mkono, ya karne ya 19. Ilichapishwa 1919, na wengi hawakuijua hadi okestra ya Mfaransa Jean-François Paillard ilipoirekodi 1968 kwa mwendo wa kukokota. Mwendo huo ndio mnaoniambia ni "wa asili". Tena Pachelbel aliifuatisha kanoni na jigi, ngoma ya kuchangamka. Sijasikia harusi hata moja ikiomba jigi.

Kazi iliyompa mkate ilikuwa tenzi za kanisani. Kuanzia 1678 hadi 1690 alikuwa mpiga kinanda wa Predigerkirche, Erfurt. Mkataba ulimtaka atangulize kila utenzi kwa utangulizi uliojengwa juu ya sauti ya utenzi wenyewe, si kupapasapapasa funguo. Zaidi ya hapo, kila mwaka, sikukuu ya Mtakatifu Yohane Mbatizaji, apige nusu saa nzima kuonyesha amepiga hatua gani tangu mwaka uliopita. (Wazee wa kanisa letu wasiusome mkataba huo.) Anayesema mtu huyu alitunga kitu kimoja tu hajafungua vitabu: za kinanda peke yake ni zaidi ya 200.

Madai mengine? "Alimfundisha Bach." Yupi? Alimfundisha Johann Christoph, kaka mkubwa. Johann Sebastian, yule Bach maarufu, alipobaki yatima, kaka huyo ndiye aliyemlea na kumfundisha kinanda.

"Alikuwa Mkatoliki, si alipiga Vienna?" Alikuwa msaidizi kwenye kanisa kuu la Mtakatifu Stefano, ndiyo. Alizaliwa Mlutheri Nuremberg 1653, akarudi kwenye kinanda cha Mtakatifu Sebald mjini humo 1695, akafa Mlutheri 1706.

"Muziki wake ni wa furaha tu." Mwaka 1683 tauni ilimchukua mkewe Barbara na mtoto wao. Mwaka huohuo alichapisha tenzi za mauti, kila sauti ya utenzi akiigeuzageuza kwa namna mbalimbali kwenye kinanda.

Kwa hiyo mkitaka Pachelbel wa kinanda, niombeni Chakona ya F maina (chakona: muziki uliojengwa juu ya besi inayojirudia). Noti nne zinashuka kwenye pedali za miguuni, taratibu, na juu yake mikono inazidi kusuka kila duru. Iwekeni wakati wageni wanakaa. Mkishikilia kanoni, leteni fidla tatu na selo. Mimi nitajazia akodi, na jigi tutapiga.