Kufomati Diski ya Zamani Hakuondoi Jina Lake Kwenye Menyu ya Kuwashia

Watu wengi waliohamishia Windows kwenye diski mpya ya SSD huamini kwamba, wakishafomati diski ya zamani, jina la mfumo wa zamani litatoweka lenyewe kwenye menyu inayojitokeza kompyuta inapowashwa. Imani hiyo inaeleweka, kwani mtu hatarajii kitu kilichofutwa kiendelee kutajwa.

Menyu hiyo, hata hivyo, haichunguzi diski. Husoma orodha iliyomo katika faili dogo liitwalo BCD, ambalo katika kompyuta za UEFI (mfumo wa kuwashia wa kompyuta za kisasa) hukaa kwenye sehemu iliyofichwa ya diski iitwayo EFI, aghalabu yenye ukubwa wa megabaiti 100 hivi. Orodha hubaki ilivyo mpaka ibadilishwe. Zito zaidi ni kwamba huenda sehemu hiyo bado iko kwenye diski ya zamani, na anayeifuta diski nzima hujikuta na kompyuta isiyoweza kufungua Windows mpya, ingawa Windows hiyo yenyewe ni nzima kabisa.

Kwa hiyo, kabla ya kufomati, fungua diskmgmt.msc, programu ya Windows ya kusimamia diski, uone sehemu ya EFI iko diski ipi. Kisha fungua msconfig, programu ya Windows ya mipangilio ya mfumo, kichupo cha Boot: mstari wenye maneno "Current OS" ndio mfumo unaoutumia sasa, usiuguse; chagua ule mwingine, bonyeza Delete, halafu Apply. Hatua hiyo huondoa jina tu, mafaili hayaguswi. Hata hivyo, mimi ningetanguliza nakala ya orodha kwa amri ya bcdedit /export, katika dirisha la amri lililofunguliwa kwa ruhusa ya msimamizi.