Una shahada na unataka nyota: amua kwanza unataka kuwa afisa wa namna gani

Tangu nilipostaafu Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ), swali ninaloulizwa zaidi na wahitimu wa vyuo vikuu ni hili: "Afande, nina digrii yangu, nikiingia JWTZ si napewa nyota moja kwa moja?" Hapana. Shahada inakuingiza tu kwenye kundi la wanaofikiriwa. Nyota ya uafisa utavalishwa Monduli, kwenye chuo cha maafisa, baada ya kupita mikononi mwa wakufunzi ambao hawana haja ya kujua GPA yako ilikuwa ngapi.

Lipo swali la kutangulia hilo, nalo ni wachache wanaoniuliza. Je, unataka kuongoza askari, au unataka kufanya taaluma yako ukiwa ndani ya sare? Zote mbili ni kazi za afisa na zote zinaanzia kwenye luteni usu, cheo cha chini kabisa cha afisa, ila maisha yake hayafanani hata kidogo. Nimeona vijana wazuri wakiteseka kwa sababu walichagua jeshi bila kuchagua kazi watakayoifanya humo.

Kwanza nieleze njia yenyewe. Cheti cha Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kimekuwa sharti la kawaida kwenye matangazo ya kuandikishwa. JKT ilianzishwa Julai 10, 1963. Mafunzo yake ya mujibu wa sheria, yaani ya lazima, yalisitishwa mwaka 1994 na kurejeshwa 2013, kwa hiyo mhitimu wa leo aliyemaliza kidato cha sita huenda aliitwa kambini kabla ya kuanza chuo. Aliyekwepa wito huo huja kujuta baada ya shahada, maana itambidi aombe nafasi ya kujitolea huku umri unakwenda. Na JKT yenyewe husema wazi kila inapotoa tangazo kwamba haitoi ajira. Ukikaa kwenye kambi ya Makutupora, Bulombora au Ruvu miaka miwili, unatoka na mafunzo na cheti. Ahadi ya kuchukuliwa jeshini haimo.

Ukiandikishwa JWTZ unaanza kama kuruta, bega kwa bega na kijana wa kidato cha nne. Koplo atakuamuru ulale kwenye tope, na utalala. Wahitimu wengi huliona hilo kama kudhalilishwa. Mimi nalitetea kwa moyo wote, maana afisa ambaye hajawahi kupokea amri akiwa amechoka, ana njaa na hajui kwa nini anaambiwa afanye hivyo, hatajua amri yake mwenyewe inamfikiaje askari wa chini. Baada ya mafunzo ya awali ndipo wanaofaa husailiwa na kuchaguliwa kwenda Chuo cha Mafunzo ya Kijeshi, Monduli, mkoani Arusha, wakiwa maafisa wanafunzi. Wengine hupelekwa kusoma kwenye vyuo vya nchi rafiki. Mwisho wa kozi, Rais, kama Amiri Jeshi Mkuu, huwatunuku kamisheni.

Chuo hicho kilianza mwaka 1969 huko Mgulani, Dar es Salaam, kikahamia Monduli 1976. Ni vizuri kijana ajue kwa nini kilihitajika. Januari 20, 1964 askari wa Tanganyika Rifles, jeshi la nchi wakati huo, waliasi katika kambi ya Colito, mahali panapoitwa leo Lugalo. Mojawapo ya manung'uniko yao, ukiacha mishahara, ni kwamba nchi ilikwisha kupata uhuru lakini maafisa waliowaamuru walikuwa bado Waingereza. Jeshi lile lilivunjwa, na Septemba 1, 1964 ikazaliwa JWTZ, Mrisho Sarakikya akiwa mkuu wake wa kwanza. Yeye alisomea uafisa katika chuo cha kijeshi cha Sandhurst, Uingereza. Taifa lililolazimika kuwapeleka vijana wake ng'ambo ili wajifunze kuongoza askari wa nyumbani lilihitaji chuo chake.

Sasa turudi kwenye lile swali. Ukichagua kuongoza, kazi yako ya kwanza huwa platuni: askari wapatao thelathini, wengi wao wakijua kazi kuliko wewe. Pembeni yako yuko sajenti wa platuni, ambaye huenda alikuwa jeshini ulipokuwa shule ya msingi. Atakupigia saluti na kukuita afande, nawe ni wa umri wa mwanawe. Luteni usu mwenye akili husikiliza anachosema sajenti, huuliza sababu, kisha huamua mwenyewe, na uamuzi ukiharibika haumsukumii. Hapo ndipo nilipokuwa nikimtazama afisa mpya kwa makini. Siku ya kutembea na mzigo mgongoni, kilomita nyingi chini ya jua, wote wanafika wamekwisha. Afisa wa kweli hakai. Anachukua tochi, anapita kwa askari mmoja mmoja, anamwambia avue buti na soksi aone miguu. Anatazama kisigino, anatazama kati ya vidole, anaulizia malengelenge yaliyopasuka, anahakikisha maji yamegawiwa na walinzi wa zamu wamepangwa, halafu ndipo anakwenda kula, wa mwisho. Ukilisoma hili ukajisikia kulipenda, andika barua yako ya maombi leo. Ukilisoma ukaona ni kazi ya muuguzi, bado lipo jeshi linalokuhitaji, ila si kwenye platuni ya miguu.

Jeshi hilo jingine ni la wataalamu. Hospitali Kuu ya Jeshi Lugalo inahitaji madaktari, wafamasia na wataalamu wa maabara. Kwenye mashirika ya jeshi, Nyumbu kule Kibaha na Mzinga kule Morogoro, wanahitajika wahandisi. Kamandi ya Anga inataka marubani pamoja na mafundi wa ndege, na Kamandi ya Wanamaji, Kigamboni, ina mitambo ya meli ya kutunza. Wapo wanasheria, wahasibu, wataalamu wa mawasiliano na wa usalama wa mitandao. Humu shahada yako inatumika kila siku, na aliyesomea ugavi hataishia kulinda lango. Lakini usidhani utakwepa uongozi kabisa. Daktari mwenye cheo cha kapteni ana wauguzi na madereva chini yake, na vyeo vikipanda muda wa wagonjwa hupungua, muda wa mafaili na vikao huongezeka. Anayefika meja na kupelekwa Chuo cha Ukamanda na Unadhimu, Duluti, atafundishwa mipango ya vita hata kama alisomea meno.

Kwa wasomaji wangu wa Kenya, uamuzi huu kwenu unakuja mapema zaidi. Tangazo la jeshi lenu, KDF, hutenganisha kadeti wa utumishi wa jumla na maafisa wataalamu, hivyo unapojaza fomu ya kwenda Lanet, kwenye chuo cha maafisa, umekwisha kuchagua.

Kuna unavyoviacha mlangoni. Ibara ya 147 ya Katiba yetu inamkataza mwanajeshi kujiunga na chama cha siasa, ingawa kura yake anabaki nayo. Kwa kijana aliyezoea kubishana siasa kwenye simu usiku kucha, hili ni badiliko kubwa. Sharti la kuwa hujaoa wala hujaolewa wakati wa kuomba nalo limo kwenye matangazo, na ukishaingia, uhamisho hauulizi kama mwenzi wako ana kazi Mwanza. Zungumzeni mapema. Na msisahau hatari: Desemba 7, 2017 wanajeshi wetu wa kulinda amani waliuawa Semuliki, mashariki mwa Kongo, kituo chao kiliposhambuliwa. Mzazi anayekusukuma uende jeshini kwa sababu ya mshahara tu, mwambie habari hii.

Ukishaamua, kaa na vyeti vyako mezani. Soma jina lako kwenye cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha kidato cha sita, cha chuo na kitambulisho cha NIDA, herufi kwa herufi. Juma Hamisi Ally wa cheti kimoja na Juma H. Ali wa kingine ni watu wawili mbele ya karani. Kurekebisha kunachukua muda, na tangazo likitoka siku za kutuma maombi huwa chache. Kikomo cha umri nacho hupangwa kwa kiwango cha elimu; kisome kwenye tangazo lenyewe, usimwamini mtu wa mtaani. Aliyemaliza chuo na miaka 23 ana nafasi ya kujaribu zaidi ya mara moja. Aliyezunguka kwanza miaka mitatu akitafuta ajira nyingine huenda asiwe nayo.

Na hakuna pesa ya kutoa popote katika safari hii. Anayekupigia akisema ana "nafasi mbili za Monduli" ni tapeli, hata akijitambulisha kwa cheo na jina kamili. Hifadhi namba yake, kisha uipeleke polisi.