Umebadilisha taa, matumbawe yanapauka: yanayosemwa na yaliyo kweli

Wafugaji wa matumbawe kwenye matenki ya kioo nyumbani, Arusha na Moshi, si wengi. Bahari iko mbali, chumvi ya tenki inaagizwa, na kipande cha tumbawe kikifika huku kimeshapita mikono mingi. Kwa hiyo inauma mtu anapofunga taa mpya ya LED Jumamosi moja, na Jumamosi inayofuata Acropora (tumbawe gumu la matawi) aliyoilea kwa muda mrefu imegeuka nyeupe. Lawama huangukia taa: feki hiyo, umeuziwa. Kwa ninavyoona, ni mara chache taa yenyewe huwa na kosa. Tatizo ni wiki za mwanzo, na maneno tunayopeana kuhusu namna ya kuzivuka.

“Mbona hafifu? Naona bluu tu”

Hii naiweka mbele kwa sababu ndiyo inayomfanya mtu apandishe taa hadi asilimia 100 siku ya kwanza.

Jicho la binadamu huona vizuri zaidi mwanga wa kijani, karibu na nanomita 555. Kwenye bluu ya nanomita 450, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mwanga wa taa za matumbawe, usikivu wa jicho uko chini ya asilimia 5 ya ule wa kwenye kijani. Vimwani vinavyoishi ndani ya nyama ya tumbawe, ambavyo ndivyo vinavyolilisha kwa sehemu kubwa, havioni kama sisi. Klorofili yake, pamoja na peridinini inayosaidia kunasa mwanga, hufanya kazi vizuri sana kwenye bluu na bluu-kijani. Ndivyo maisha ya baharini yalivyo: mwanga mwekundu humezwa na maji katika mita chache za juu, na kinachobaki kushuka chini ni bluu. Kwa hiyo taa unayoiona ya giza giza inaweza kuwa inamwaga fotoni nyingi kuliko taa nyeupe iliyokuwa ikikuumiza macho.

Programu ya simu ya kupima luksi haikusaidii, maana luksi imetengenezwa kufuata jicho lile lile. Kipimo kinachofaa ni PAR, kinachohesabu fotoni zote kati ya nanomita 400 na 700, na hutajwa kwa maikromoli kwa kila mita ya mraba kwa sekunde. Kwa makadirio ya wafugaji, matumbawe laini na yale ya uyoga huridhika na 50 hadi 150. Euphyllia, tumbawe gumu lenye mikono laini mirefu, hukaa vizuri hapo hapo, pengine juu kidogo. Acropora hutaka 200 hadi 350. Kipima PAR ni ghali, na mtu mmoja kukinunua kwa ajili ya tenki moja ni hasara tupu. Wafugaji wa mji mmoja wachange, wanunue kimoja, kizunguke.

Kuna jambo jingine linalozidisha pigo. Watu hubadilisha taa ile ya zamani inapochoka. Mirija ya T5 (ile myembamba ya fluorescent) hupoteza nguvu baada ya mwaka mmoja hivi wa matumizi hata kama bado inawaka, na balbu za metal halide, zile za gesi zenye joto kali, pia huchoka. Tumbawe lako halikuzoea taa ilivyokuwa mpya. Limezoea taa iliyozeeka, na hapo ndipo pa kuanzia kupima: weka kipimo pale tumbawe lilipo chini ya taa ya zamani kabla hujaifungua, andika namba, kisha panga taa mpya ilete namba hiyo hiyo mahali pale pale.

“Wati 100 za zamani ni wati 100 za sasa”

Wati ni umeme unaouvuta. Haikuambii mwanga kiasi gani unafika kwenye tumbawe. Lenzi ya nyuzi 60 hukusanya mwanga mahali padogo, na ile ya nyuzi 120 huusambaza. Taa mbili za wati sawa zinaweza kuacha tumbawe moja likiungua na jingine likiwa na njaa ya mwanga. LED pia hutupa vivuli vikali kuliko mirija ya T5, kwa hiyo angalia tawi la chini kabla hujasema tumbawe zima lina afya.

“Punguza masaa tu, yatazoea”

Ushauri huu una sauti ya busara, na ndiyo maana unadumu. Taa iwake kwa nguvu zote lakini kwa masaa manne, wiki ijayo matano, na kuendelea.

Kimwani kina kikomo cha fotoni kinazoweza kuzitumia kwa wakati mmoja. Zikizidi, nishati iliyokosa kazi huzalisha oksijeni kali na peroksidi ya hidrojeni, na sumu hizo huharibu kimwani chenyewe na nyama ya tumbawe inayokihifadhi. Tumbawe hujitetea kwa kuvitapika vimwani vyake, nako ndiko kupauka. Madhara hayo hayangoji jioni. Kinachotakiwa kupungua ni makali ya mwanga; masaa yabaki yale yale, nane hadi kumi.

Watu wa chini ya Kilimanjaro na Meru wanaijua kanuni hii bila kufundishwa. Kitaluni, mche wa kahawa hulelewa chini ya kivuli, na kivuli hicho hupunguzwa kidogo kidogo kabla haujapelekwa shambani. Hakuna mkulima wa Machame anayeutoa mche kivulini saa sita mchana kwa masaa manne akidhani ameukomaza.

Kwa vitendo: ukiwa na kipima PAR, anza na namba ya taa ya zamani, kisha panda kwa sehemu ya kumi hivi kila wiki hadi ufike unapotaka. Usipokuwa nacho, anza kwenye asilimia 30 au 40 ya nguvu ya taa na uongeze 5 kila wiki. Ndiyo, itachukua miezi. Vimwani hubadilisha wingi wake na kiasi cha klorofili kwa wiki kadhaa, na hakuna dawa ya chupa inayoharakisha jambo hilo, hata kama muuzaji ana moja dukani.

Taa isiyo na kipunguzo inyanyuliwe juu, au ifunikwe kwa wavu wa dirisha. Mafundi wa aluminiamu wanauza wavu wa nyuzi za plastiki kwa mita. Weka tabaka mbili au tatu, kisha toa moja kila baada ya wiki mbili. Usitumie wavu wa chuma, maana chumvi itaula na kutu itadondokea majini. Wa shaba ndio kabisa usiusogeze: shaba ni sumu kwa matumbawe, kamba na konokono wote.

Wengine hushusha kila tumbawe mchangani, kisha kila siku mbili wanalipandisha hatua moja. Ukilihamisha namna hiyo umelibadilishia mwanga na mkondo wa maji kwa pamoja, na mkondo ni msaada mkubwa wakati huu, kwa kuwa huondoa oksijeni iliyozidi juu ya ngozi yake. Liache pale lilipo. Punguza nguvu ya taa.

“Limekuwa la kahawia, limekufa. Limekuwa jeupe, ongeza mwanga”

Hapa watu wanasoma ishara kinyumenyume.

Kahawia maana yake vimwani vimekuwa vingi au vimejaza klorofili, ama kwa sababu mwanga ni mdogo, ama kwa sababu naitreti na fosfeti zimepanda. Tumbawe hilo ni hai na lina shibe. Halipendezi tu. Weupe au rangi iliyofifia ni upungufu wa vimwani: nyama imebaki kama kioo na mifupa inaonekana kupitia ndani yake. Nalo pia bado ni hai, na ukitazama kwa makini utaona vipolipi (vijimdomo vyake vyenye vikono) vinatoka. Punguza mwanga, lilishe, subiri. Mwaka 1998 joto la El Niño lilipopausha matumbawe ya Bahari ya Hindi magharibi, yakiwemo ya Tanzania, yapo yaliyokufa na yapo yaliyorudisha vimwani vyake. Joto ndilo lililoanzisha, na jua kali likazidisha, kwa sababu kimwani kilichozidiwa na joto hushindwa kutumia hata mwanga kilichouzoea.

Nyama inayobanduka kutoka kwenye shina na kuacha mfupa mtupu ni habari nyingine, na hapo mwanga pekee usiulaumu. Pima alkalini kwanza, yaani kiasi cha kaboneti majini ambazo tumbawe hujengea mifupa.

Halafu kuna rangi inayobadilika siku ile ile taa ilipowashwa. Hapo tumbawe lenyewe halijabadilika hata kidogo. Protini zake zinazong'aa hupokea bluu na kurudisha kijani au chungwa, hivyo bluu ikiongezeka kila kitu kinameremeta. Ukitaka kujua ukweli, piga picha kila wiki chini ya mwanga mweupe ule ule, na ulinganishe hizo.

Mwanga ukizidi, dalili huja ndani ya siku chache. Ukipungua, huja baada ya wiki nyingi, na huwa na muda wa kurekebishwa. Kati ya makosa hayo mawili, mimi ningechagua la pili kila mara.

“Uzuri wa LED haina joto”

Ina joto, ila halielekei majini. Metal halide ya wati 250 ilikuwa inachemsha tenki pamoja na kulimulika. LED hupeleka joto lake juu, kwenye bati la kupozea na feni. Ukiitoa metal halide na kuweka LED, tenki linapoteza jiko lake.

Moshi, kwenye mita 800 na ushee, hilo ni neema. Februari pale mtu alikuwa akihangaika na feni juu ya maji, sasa anapumua. Arusha ni mambo mengine. Mji uko karibu mita 1,400, na usiku wa Juni na Julai nje panashuka chini ya nyuzi 15. Tenki linalotakiwa kuwa kati ya nyuzi 24 na 27 linaanza kupanda na kushuka kati ya mchana na usiku. Maji yakipoa, kazi za ndani za kimwani zinapungua kasi, na mwanga uliokuwa wa kutosha jana unakuwa wa kuzidi leo. Mwenye tenki anaona weupe, anasema taa kali, kumbe hita ndiyo ndogo. Kwa kawaida watu huhesabu wati 1 kwa lita. Kwa chumba cha Arusha kisicho na dari nzuri ningeongeza, na ningegawa hita mbili ili moja ikifa nyingine ibaki.

Na kwa kuwa tumetaja mwinuko: haupunguzi wala hauongezi mwanga ndani ya tenki, lakini hewa ya Arusha ina mgandamizo wa takriban asilimia 85 ya ule wa pwani, na oksijeni inayoyeyuka majini inapungua kwa kiwango hicho. Usiku taa zikizimwa, matumbawe yanatumia oksijeni bila kutengeneza. Pampu ya mawimbi isizimwe eti kubana matumizi.

“Maji yawe masafi kabisa wakati wa kubadilisha taa”

Maji ya pande za Meru yana sifa ya floridi, kwa hiyo chujio la RO (linalosukuma maji kupitia utando mwembamba) ni lazima, hilo halina mjadala. Lakini kuna anayetoka hapo akasukuma naitreti na fosfeti hadi sifuri kabisa, akidhani analiandalia tumbawe makao mazuri. Vimwani vinahitaji naitrojeni na fosforasi kama mmea wowote. Mwanga mkali bila chakula ndio mchanganyiko unaopausha haraka kuliko yote, na mara nyingi huleta pia ule utelezi wa kahawia wenye viputo unaofunika mchanga. Naitreti ya 5 hadi 10 na fosfeti ya 0.03 hadi 0.1 kwa miligramu kwa lita haina ubaya wowote.

“Tuko karibu na ikweta, dirisha linatosha” na “haya ya pwani yamezoea jua”

Jua la mchana hapa hufikia takriban maikromoli 2,000. Acropora yako inataka 300. Hesabu imekwisha.

Kuhusu ya pwani: matumbawe magumu yapo kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na ndani ya hifadhi kama ile ya Kisiwa cha Mafia, iliyotangazwa 1995, si ya kuokota. Hata kipande halali, kilichokatwa kutoka tenki la mfugaji mwenzio, hakirithi mazoea ya ukoo wake. Kinajua mwanga wa mwezi uliopita tu. Muulize aliyekupa alikuwa anatumia taa gani na tumbawe lilikaa kina gani.

“Nikishapanga taima, nimemaliza”

Umeme ukikatika na kurudi, taa nyingine za bei nafuu husahau mpangilio na kuwaka kwa nguvu zote. Jaribu mwenyewe siku ya kwanza: chomoa, subiri, chomeka, tazama imerudi vipi. Ikisahau, iweke kwenye betri ya akiba, au ubaki na wavu hadi mwisho.

Masaa 50,000 yaliyoandikwa kwenye boksi, kwa masaa kumi kwa siku, ni zaidi ya miaka 13, lakini kwa kawaida namba hiyo inahesabiwa hadi mwanga unaposhuka kufikia asilimia 70. Feni haifiki huko, hasa kwa vumbi la kiangazi. Chumvi nayo hujiganda kwenye lenzi. Ukiifuta baada ya miezi sita umeongeza mwanga ghafla bila kugusa kitufe, kwa hiyo futa mara kwa mara au punguza nguvu ya taa kidogo siku unayofuta.

Na alkalini ipimwe kila baada ya siku mbili au tatu katika kipindi chote hiki. Ikiwa unaongeza kipimo kile kile cha siku zote na namba inashuka, matumbawe yanajenga mifupa na mwanga umeyakubali. Ikipanda bila wewe kubadilisha kitu, yameacha kujenga. Hilo hutokea kabla rangi haijaanza kufifia, na hapo rudisha taa ilipokuwa wiki iliyopita.