Serikali haina dini: kwa nini shule zake zina kipindi cha dini?

Siku ya kipindi cha dini, katika shule nyingi za msingi za serikali hapa Dodoma, kengele ikigongwa watoto waliokaa pamoja tangu asubuhi hugawanyika. Wakatoliki huelekea chumba hiki, Waanglikana na Walutheri chumba kile, Wapentekoste hubeba madawati hadi chini ya mwarobaini, na Waislamu humfuata ustadhi wao. Kipindi kikiisha, kila mmoja hurudi kwenye dawati lake na somo la Hisabati huendelea. Mtu anayejua kwamba Ibara ya 19 ya Katiba yetu inaweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi ana haki ya kuuliza: kipindi hiki kimeingiaje katika ratiba ya shule ya umma?

Jibu linaanzia Mpwapwa, ambako wamisionari wa Kianglikana wa shirika la CMS la Uingereza walifika mwaka 1876. Kwao ubatizo na kusoma havikutenganishwa, kwa sababu Mkristo alitarajiwa kujisomea Maandiko mwenyewe, na ndiyo maana kazi ya kutafsiri Injili kwa Kigogo ilianza kabla karne ya 19 haijaisha. Aliyetaka kubatizwa alijifunza herufi kwanza, na aliyemfundisha herufi ndiye aliyemfundisha pia sala. Alama ya jambo hilo ingali katika maneno yetu, maana vijijini mpaka leo mtu anayeongoza ibada na kuwaandaa wanaosubiri ubatizo huitwa mwalimu, hata kama hajawahi kushika chaki. Wakatoliki nao walijenga misheni na shule zao, Bihawana ikiwa mojawapo. Kufikia Uhuru mwaka 1961, sehemu kubwa ya shule za Tanganyika ilikuwa mikononi mwa misheni.

Utaratibu huo uliwasomesha babu zetu, nami ninaushukuru, lakini ulikuwa na dhuluma ndani yake. Mzazi Mwislamu aliyeishi jirani na shule ya misheni alilazimika kuchagua kati ya kumpeleka mwanawe mahali ambapo angevutwa kuacha dini yake na kumwacha nyumbani bila elimu. Serikali ilipozitwaa shule hizo kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, ili mtoto yeyote asome popote bila kuulizwa dini yake, ilitenda haki, na ninasema hivyo nikiwa Mkristo ninayelipenda Kanisa. Seminari ziliachwa kwa Kanisa. Miaka mingi baadaye baadhi ya maeneo yalirudi: palipokuwa Sekondari ya Mazengo, iliyoanza ikiitwa Alliance na baadaye kupewa jina la Mtemi Mazengo wa Ugogo, leo pana Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana, kilichofunguliwa na Kanisa Anglikana mwaka 2007.

Kilichobaki katika shule zilizotwaliwa ni muda. Serikali haifundishi imani yoyote. Inatoa chumba na nafasi katika ratiba, kisha madhehebu yenyewe yanaleta mwalimu. Jambo hili lisichanganywe na masomo ya Maarifa ya Biblia na Elimu ya Dini ya Kiislamu yanayotahiniwa na Baraza la Mitihani kidato cha nne, kwa kuwa mtihani hupima anachokijua mwanafunzi, wala haumuulizi anachokiamini.

Wapo Wakristo wanaouliza kwa nini tusifanye kama wazazi wengi wa Marekani, wanaowafundisha watoto wao nyumbani kwa sababu ya imani, jambo linaloruhusiwa kisheria katika majimbo yote ya nchi hiyo. Hapa kwetu Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inamtaka mzazi amwandikishe mtoto shuleni na ahakikishe anahudhuria. Hata hivyo, sidhani kwamba sheria ndiyo sababu kubwa. Mkristo wa Ugogo hakuwahi kuiona shule kuwa adui wa imani, kwa kuwa darasa la kwanza aliloliona lilikuwa ndani ya kanisa. Tena mzazi anayeamka alfajiri kuwahi shamba la mtama au la uwele atapata wapi saa za kufundisha mtaala mzima? Kosa letu liko upande mwingine: tumeizoea shule kiasi cha kuiachia na yale ambayo Kumbukumbu la Torati, sura ya 6, inayaweka mikononi mwa mzazi, yaani kuyanena maneno ya Mungu akiwa ameketi nyumbani, akitembea njiani, anapolala na anapoamka.

Hapo ndipo utaratibu wetu unapolegea. Mwalimu wa dini kwa kawaida hayumo katika orodha ya mishahara ya serikali. Mara nyingi ni katekista au mwinjilisti anayejitolea, anayekuja kwa baiskeli, na masika korongo likijaa hawezi kuvuka. Siku moja nilimshikia nafasi mwinjilisti wetu aliyekuwa anaumwa. Niliwakuta watoto wa darasa la tano wamejipanga kwenye madawati chini ya mti, Biblia ikiwa moja tu, jalada lake limeshonwa kwa uzi wa gunia. Binti mmoja aliisoma kwa sauti, kidole chake kikifuata mstari, na wenzake wakarudia neno kwa neno. Nilipouliza ni nani huwasomea nyumbani, mikono iliyoinuka haikufika mitano. Nilipowauliza wenzao waliokuwa chini ya mti wa pili bila mwalimu wanafanya nini, walinijibu kwamba wanamsubiri mwalimu wao tangu muhula uanze.