Anayebana uhuru ndiye atoe sababu

Orodha ya haki kwenye katiba haitoshi kukuambia kama nchi ni huru. Karibu kila katiba inayo, na nyingi zinapendeza kusoma. Tafuta kifungu kinachoeleza haki hizo hupunguzwaje, kisha uulize: zikipunguzwa, nani anapaswa kujieleza?

Hadi ilipobadilishwa mwaka 2005, Ibara ya 18 ya Katiba ya Tanzania iliuweka uhuru wa maoni chini ya sheria za nchi. Yaani Bunge likitunga sheria ya kuwaziba watu midomo, uhuru huo unakomea hapo.

Katiba ya Kenya ya 2010 iliugeuza mzigo wa kujieleza, ikaubebesha serikali. Kifungu cha 24 kinataka kwanza iwepo sheria. Amri ya ofisa peke yake haifui dafu. Halafu serikali ndiyo ithibitishe kwamba lengo lake ni zito, kwamba katazo linalifikia lengo hilo, na kwamba hapakuwa na njia nyepesi zaidi. Hilo la mwisho ndilo huiangusha mara nyingi, na kwangu ndilo moyo wa kifungu chote.

Chukua kifungu cha 29 cha sheria ya mawasiliano ya Kenya. Kilimtishia faini ya hadi shilingi 50,000, au kifungo cha hadi miezi 3, au vyote viwili, yeyote aliyetuma ujumbe "wa kuudhi mno". Kuudhi kwa kipimo cha nani? Polisi? Mbunge aliyekosolewa? Aprili 2016 Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu alikifuta: maneno yake hayakuwa na mipaka, na aliyechafuliwa jina tayari ana njia ya kudai fidia kwa kesi ya madai.

Mlalamikaji naye ana kazi yake, na wengi hujikwaa hapa. Kuandika "haki zangu zimevunjwa" hakutoshi. Tangu kesi ya Anarita Karimi Njeru ya 1979, mahakama hutaka utaje kifungu chenyewe, kitendo kilichokivunja, na namna kilivyokuumiza. Ukishaonyesha hayo, serikali haiwezi kusema "usalama wa taifa" ikaketi. Na kama ni mateso, utumwa, kesi ya haki au agizo la kumfikisha mahakamani mtu aliyezuiliwa, kifungu cha 25 cha Katiba hiyo ya Kenya hakiruhusu hata hoja hiyo isikilizwe.