Kwa nini sauti na picha za tamasha huachana njiani?

Wimbo wa kwanza unakwenda vizuri kabisa: mwimbaji anafumba midomo na "m" inasikika papo hapo. Ukifika wimbo wa mwisho, ngoma inalia kabla kijiti hakijaigusa. Faili ni zilezile na hakuna aliyezigusa. Imekuwaje?

Kila aliyehariri video ya tamasha lililorekodiwa kwa kamera kadhaa, huku sauti ikinaswa kwa mashine nyingine, amekutana na jambo hili. Wengi huisukuma sauti mbele na nyuma mpaka iridhishe, na dakika chache baadaye inaharibika tena. Kabla ya kusukuma chochote, pima. Pima mwanzoni mwa onyesho, katikati na mwishoni, uandike tofauti kati ya sauti na picha ni fremu ngapi (fremu ni picha moja moja zinazounda video). Inaweza kuwa ileile muda wote, inaweza kukua polepole, au inaweza kuruka ghafla. Kila hali ina chanzo chake, na tiba ya moja huiharibu nyingine.

Kupimia, mtafute mpiga ngoma. Kuza picha mpaka uone kijiti kikishuka juu ya toazi, kisha sogea fremu moja moja. Mwendo wake ni wa kasi, kwa hiyo kijiti kitaonekana kama ukungu. Fremu unayoitaka ni ile ambayo toazi limeanza kuinama. Chini yake, kwenye mchoro wa sauti, pigo lilelile ni mlima unaochomoza wima. Hesabu fremu kati ya viwili hivyo. Midomo ya mwimbaji nayo inafaa, hasa kwenye "b", "p" na "m", lakini mara nyingi kipaza sauti huiziba.

Tuanze na tofauti isiyobadilika. Chanzo chake kwa kawaida ni umbali. Katika hewa ya nyuzi 20 za Selsiasi, sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, ilhali mwanga hufika mara moja kwa kipimo chochote cha binadamu. Kwa video ya fremu 25 kwa sekunde, fremu moja ni milisekunde 40, na ndani ya muda huo sauti imekwenda karibu mita 14 tu. Kamera iliyowekwa nyuma ya ukumbi, mita 40 kutoka kwenye spika, huipokea sauti ikiwa imechelewa kama fremu tatu.

Hapo ndipo penye mtego unaowanasa hata wazoefu. Programu nyingi za kuhariri hulinganisha michoro ya sauti na kuzipanga kamera zenyewe. Programu inaisikiliza sauti ya kamera ya nyuma, inaifananisha na sauti safi iliyotoka kwenye meza ya fundi mitambo, na inazilaza pamoja barabara. Lakini sauti ya kamera ile ilikuwa tayari imechelewa nyuma ya picha yake. Ukiilaza juu ya sauti safi, picha inawahishwa kwa fremu zilezile tatu, na sasa midomo inatangulia sauti. Kamera ya jukwaani iko sawa, ya nyuma haiko sawa, na kila unapokata kutoka moja kwenda nyingine mtazamaji anahisi kitu kimeteleza bila kujua ni nini. Kwa hiyo baada ya programu kumaliza kazi yake, icheleweshe picha ya kila kamera ya mbali kulingana na umbali wake, fremu moja kwa kila mita 14 hivi, kisha hakikisha kwa kijiti na toazi.

Je, wajua kwamba jicho na sikio huvumilia zaidi sauti iliyochelewa kuliko iliyotangulia? Pendekezo la ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, lililotolewa mwaka 1998, linasema watu huanza kugundua kasoro sauti ikitangulia picha kwa takriban milisekunde 45, lakini ikichelewa hawaigundui mpaka ifike kama 125. Ina mantiki: katika maisha sauti haitangulii kamwe tendo lililoizalisha. Ukiwa na shaka ya fremu moja, basi, iache sauti ichelewe.

Tofauti inayokua ni habari nyingine. Kila kamera na kila kinasa sauti kina saa yake ndani, fuwele ndogo inayotetemeka, na hakuna mbili zinazotetemeka sawasawa. Tuseme moja inakwenda haraka kwa sehemu 20 katika milioni na nyingine inachelewa kwa kiasi hichohicho. Katika onyesho la saa mbili zitakuwa zimeachana kwa sekunde 0.288, yaani fremu saba. Joto la mashine nalo huibadilisha saa, kwa hiyo hata mwachano wenyewe si lazima uwe wa kasi moja.

Unaweza kuirefusha au kuifupisha sauti yote kidogo, lakini fremu saba katika 180,000 ni chini ya asilimia 0.004, na programu inayokubali tarakimu mbili tu baada ya nukta haiwezi kuufikia usahihi huo. Napendelea kukata. Wimbo ukiisha watu wanapiga makofi, na makofi ni kelele isiyo na mapigo ya kuhesabika: kata hapo, sogeza, yeyusha makutano (kipande kimoja kififie huku kingine kikipanda), na hakuna sikio litakalotambua. Panga upya kila wimbo kivyake. Ndani ya dakika tano mwachano haufiki hata nusu fremu.

Ila mwachano ukiwa mkubwa mno, usizilaumu fuwele. Sekunde 3.6 kwa kila saa ni dalili kwamba video ya fremu 29.97 imesomwa kama ya 30. Namba hiyo ya ajabu ni urithi wa televisheni ya rangi ya Marekani ya mwaka 1953, na kamera nyingi bado huiandika "30" kwenye menyu. Saa nzima ikigeuka dakika 55 na sauti ya mwimbaji ikapanda, sauti ya sampuli 44,100 kwa sekunde (sampuli ni vipimo vidogo vinavyounda sauti ya kidijitali) imechezwa kama ya 48,000. Yote mawili hurekebishwa kwenye mipangilio ya faili, bila kukata popote.

Mruko wa ghafla hutokea faili inapogawanyika. Kadi za kumbukumbu zenye mfumo wa kupanga faili uitwao FAT32 haziwezi kubeba faili inayofika gigabaiti 4, kwa hiyo kamera hufungua faili mpya, na baadhi hupoteza fremu chache hapo. Video za simu janja nazo huyumba, kwa kuwa simu nyingi hubadili idadi ya fremu kwa sekunde, hasa jukwaa likiwa giza. Zigeuze ziwe na idadi isiyobadilika kabla ya kuziingiza kwenye mradi.

Kwa kazi yenye matatizo yote matatu, anza na miruko, kwa sababu mruko mmoja hukudanganya unapopima mwachano. Kisha shughulikia mwachano wa saa, na umbali uwe wa mwisho.